Baridi Haikuwemo Kwenye Hesabu

Maabara, tarehe 12 Mei

Mdogo wangu Bwana Cherehani,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu chumba chenu ni kimoja na mama ana masikio ya paka. Nikikuuliza hali yake unajibu "mzima tu" huku yeye amekukodolea macho. Kwenye karatasi utasema kweli.

Betri imeondoka jana kwa lori. Ni sanduku jeusi, ukubwa wake kama cherehani yako ila zito kupita kiasi, kwa hiyo tafuta mtu wa kukusaidia, usijitie ubabe ukaumia kiuno. Waya mmoja unaingia ukutani, mwingine unaingia kwenye mashine ya oksijeni ya mama. Umeme ukija alfajiri, hata kama ni ule wenu wa kuonja, betri hii itajaa kabla haujakatika. Ile ya zamani ilikuwa haifiki hata robo, ndiyo maana mama alihangaika usiku na kifua chake.

Uliniuliza nafanya nini huku siku nzima mbele ya kompyuta. Haya, sikiliza. Ndani ya betri kuna bamba jembamba lililopakwa tope jeusi, tunaliita elektrodi. Unapochaji, chembe za lithiamu zinasafiri na kuingia ndani ya lile tope. Likiwa nene, chembe zinasongamana juu na huko chini hazifiki. Basi tunalichonga mifereji kwa mwali wa leza, myembamba kama uzi wako, ili zipite hadi chini. Fikiria marinda ya sketi: kitambaa ni kilekile, lakini kimefunguka. Kazi yangu ni kuiuliza kompyuta marinda yawe na kina gani na yaachane kiasi gani, kabla mtu hajachonga hata moja. Nachora mfereji mmoja tu, halafu naiambia kompyuta kwamba mingine yote ni pacha wake.

Mkuu wa maabara amekubali nyumba yetu iwe ya kwanza kuijaribu. Anachotaka ni habari: inadumu au haidumu. Na jambo moja ulishike kama amri. Joto ndilo adui wa betri. Isikae juani, isikae karibu na jiko, iweke mahali pa baridi.

Mwambie mama nimemkumbuka sana.

Dada yako


Nyumbani, tarehe 30 Mei

Dada Profesa,

Shikamoo nyingine, ile ya kwanza uliijibu kabla sijaitoa.

Sanduku limefika salama. Tuliliteremsha mimi na jirani yetu seremala, naye akasema kama ndani hamna maiti basi mna dhahabu. Mama amelipapasa kama anapapasa mtoto mchanga, akauliza, "Huyu ndiye mjukuu niliyeletewa?" Nimekuandikia maneno yake kama yalivyo, usije ukasema nakuficha.

Inafanya kazi, dada. Umeme ulikuja alfajiri, ukakaa kidogo kama mgeni mwenye haraka, na taa ya kijani ikawaka kabla haujaondoka. Usiku ule mama aliegemea mto mmoja badala ya mitatu. Lile vumbi la pamba alilomeza kiwandani miaka yote bado limo kifuani, analikohoa kila siku, lakini alipumua hadi kukakucha na mashine haikunyamaza. Mimi nami nililala. Niliamka na alama za mkeka shavuni, jambo ambalo halijatokea tangu aanze kuugua.

Amri yako nimeishika. Ndani sikuiweka, kuna pasi ya mkaa na watu wawili wanaopumuliana. Nimeiweka kibaraza cha nyuma, kwenye sakafu ya saruji, chini ya dirisha la mama, waya umepita dirishani. Juu nimeiwekea kipande cha bati isipigwe na jua. Unakikumbuka kibaraza kile. Msimu huu ukikanyaga pekupeku alfajiri unarukaruka kama mbuzi. Hakuna mahali pa baridi kuliko pale, labda uniruhusu niiweke kaburini.

Mama anasema ule vizuri. Anasema kwenye picha shingo yako imekuwa kama ya kuku.

Mdogo wako


Maabara, tarehe 21 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma kazini nikalia mbele za watu. Mto mmoja! Nilimsomea mkuu, akasimama akazunguka meza yake. Pale ulipoiweka umefanya vyema sana, ningekuwepo nisingechagua mahali pengine.

Unajua ninavyoishi na kile kifereji changu kwenye kioo cha kompyuta. Rangi ya buluu ikitembea kuingia kwenye elektrodi ni lithiamu. Ikitembea sawasawa hadi chini nalala vizuri, ikikwama juu nalala vibaya. Miaka yote hii ilikuwa picha tu. Sasa ni mama anapumua. Sijui nikuelezeje.

Sasa sikia. Mkuu anasema nyumba yetu ikiendelea hivi hadi baridi iishe, betri kama hizo zitapelekwa kwenye zahanati za akina mama wajawazito, zile ambazo taa huzimika mtoto akiwa njiani. Na mimi mkataba wangu, ambao mwisho wake ulikuwa ukiningoja mwezi wa kumi kama kisu, utaongezwa. Kwa hiyo barua zako siyo barua tu, Bwana Cherehani. Zinasomwa na wakubwa. Hebu niandikie: bado inafika asubuhi?

Dada yako


Nyumbani, tarehe 14 Julai

Dada, shikamoo.

Bado inafika asubuhi. Waambie wakubwa wako hivyo, na kama wanataka niape nitaapa. Taa ya kijani inawaka, mashine inanguruma, mama anakoroma kuliko mashine.

Mwandiko ukiuona kama umelewa, ni usingizi. Shule zinafungua, sare zimenijaa hadi dirishani, nasinzia mchana juu ya kitambaa. Juzi nilishona mkono wa shati mahali pa kola. Mwenye shati hakucheka, ila mama alicheka mpaka nikahofia kifua chake.

Usihangaike kuuliza kila mara. Likitokea jambo utaambiwa. Wewe shika mkataba wako.

Hapa baridi imezidi mwaka huu, maji ya ndoo yalifanya ngozi ya barafu juu. Lakini hilo ndilo betri inalolipenda, siyo?

Mdogo wako


Nyumbani, tarehe 20 Julai

Mwanangu,

Ninaandika mwenyewe. Mistari inapanda na kushuka, utanisamehe, naandikia kitandani na kila maneno machache napumzika. Mdogo wako ameenda kununua nyuzi.

Betri yako inachoka. Mwanzo ilinifikisha asubuhi. Baadaye ikawa inakata kabla jogoo hawajawika. Sasa inakata mapema zaidi. Mashine inalia, halafu inanyamaza, halafu nasikia mwenyewe ninavyovuta pumzi, na ni sauti mbaya. Mtoto huyu anakaa nyuma yangu nimwegemee kama kiti, ananipepea na boksi la mashati mpaka umeme urudi. Nikifumba macho anadhani nimelala. Nafumba ili naye apate kusinzia.

Hakuambii kwa sababu ulimwandikia habari ya mkataba wako na zahanati. Ameona akisema kweli atakuvunjia riziki. Simlaumu. Wewe pia usimlaumu.

Nakuomba kitu kimoja. Usimwambie nilichokuandikia. Amejivika ulinzi wangu mwili mzima, akijua nimesema nyuma ya mgongo wake itamkata. Wewe tengeneza tu. Sema la kufanya, atafanya bila kuuliza. Hajawahi kukubishia tangu mdogo. Ulimwambia majani ya mwarobaini ni matamu, akatafuna.

Bahasha haina gundi, nimeibandika kwa uji. Nitampa yeye aipeleke posta, nitasema ni salamu.

Nataka kukuona kabla. Hilo silo la kuharakisha, ni la kujua tu.

Mama yako


Maabara, tarehe 9 Agosti

Mdogo wangu mpendwa,

Nafurahi kwamba betri inaendelea vizuri. Mkuu anakusalimu.

Kuna badiliko dogo la maelekezo, lisikupe wasiwasi. Tumepiga hesabu upya huku, na inaonekana baridi nayo ikizidi siyo nzuri sana. Kwa hiyo ukipata barua hii, iingize ndani. Iweke mahali penye uvuguvugu. Karibu na kitanda cha mama panafaa, waya utakuwa mfupi pia. Usiniulize mengi, ni mambo ya mifereji na marinda, yatanijazia ukurasa.

Halafu nimeamua kukutumia sanduku la pili, liwe la akiba tu. Lori litachelewa kidogo, barabara zimeharibika. Mpaka lifike endelea na hilohilo.

Ukisikia harufu tamu, kama ya rangi ya kucha, chomoa waya wa ukutani. Haitatokea. Nasema tu kwa sababu kazi yetu ni kusema.

Mwambie mama nitakuja mwisho wa mwaka. Mwambie nimeahidi. Na wewe lala, kaka. Lala hata mchana.

Dada yako


Hospitali, tarehe 2 Septemba

Dada, shikamoo.

Usiushangae mwandiko, siyo wangu. Nimeumia mkono kidogo na kuna muuguzi mmoja mwema ananiandikia.

Najua baba mdogo alikupigia simu kukuambia mama ametutoka, na najua mtandao ulikatika kabla hajaeleza. Basi naeleza mimi. Mama alilala vizuri, na alfajiri hakuamka. Hakuhangaika. Wamemzika siku ile ile jioni, watu walikuwa wengi, na wale waliofanya naye kazi kiwandani walikuja wote, nao wanakohoa.

Betri haikuhusika. Nataka hilo uliweke moyoni na pia umwambie mkuu wako. Betri ilikuwa nzima mpaka mwisho. Ilikuwa ni siku yake tu.

Usije mbio. Kazi yako ni ya muhimu kwa watu wengi.

Mdogo wako

Dada wa mgonjwa, mimi ndiye muuguzi. Nimeandika alivyoniambia niandike. Lakini hapa ni wodi ya walioungua moto, na ni mikono yote miwili, hadi kwenye viwiko. Amesema "kidogo". Siyo kidogo. Samahani.


Maabara, tarehe 15 Septemba

Mdogo wangu,

Nitafika mwisho wa mwezi. Barua hii naitanguliza kwa sababu nataka uwe umeshaisoma utakaponitazama usoni.

Betri ilihusika, wewe unajua na mimi najua. Wewe umeungua kwa ajili yake halafu ukaisafisha kwa maneno ili nisiumie. Kaka, acha. Acha tafadhali, siwezi kulibeba na hilo.

Mama aliniandikia. Alisema betri inakata mapema, alisema unampepea na boksi. Aliniomba nisikwambie, nikamtunzia siri yake. Siku ile ile nilirudi kwenye kompyuta. Miaka yote nilikuwa nimeiandikia joto la chumba changu hiki, chenye mashine ya hewa, nikaliacha likae kama ukuta ambao mtu haugusi. Nilizaliwa kwenye nyumba yenye kibaraza kile na haikunijia akilini kuibadilisha namba. Niliingiza baridi ya alfajiri ya kwetu, nikaiambia kompyuta ichaji kwa kasi kama umeme wenu unavyotaka. Lithiamu haikuingia kwenye elektrodi. Kwenye baridi inapoa miguu, inafika mlangoni inasimama, inajilundika juu inakuwa chuma. Hicho chuma kinaota ndevu. Kati ya pande mbili za betri kuna karatasi nyembamba, kama bitana, na ndevu zile zinaitoboa kama sindano; pande hizo zikigusana, moto unawaka. Niliitazama picha hiyo nikajua ndicho kinachotokea chini ya dirisha la mama, kwa amri yangu, na kwa sababu ulikuwa mtiifu.

Uvuguvugu ungezuia ndevu mpya. Zile zilizokwisha kuota usingeziondoa, na betri yenye ndevu hailetwi karibu na mtu. Nililijua hilo nilipokuandikia. Ningepaswa kuandika neno moja: itupe. Nilikaa na kalamu nikafikiri, akiitupa mama atapumua na nini mpaka lori lifike? Nikafikiri, nikimwambia itupe ataniuliza nimejuaje, na mama nimemwahidi. Nikafikiri na mkataba pia, sikufichi, nilimfikiria mkuu aliyekwisha kuwaambia wakubwa zake kuhusu nyumba yetu. Najaribu kila siku kujua ni lipi kati ya hayo lililokuwa na nguvu kuliko mengine, na sijui. Nilijiambia ni wiki chache tu. Nikaandika habari ya rangi ya kucha kama mzaha.

Nimemweleza mkuu kila kitu. Masanduku ya zahanati yamesimamishwa, na mimi nimesimamishwa pamoja nayo.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Niambie tu kama unanilaumu. Nikijua nitaweza hata kupanda gari.

Dada yako


Hospitali, tarehe 24 Septemba

Dada, shikamoo.

Anayeshika kalamu ni muuguzi yuleyule. Nimemwomba safari hii asiongeze lake, amekubali kwa shingo upande.

Nimesomewa barua yako, nikaomba nisomewe tena. Umeandika sana juu ya siri ya mama uliyomtunzia. Haikuwa siri, dada. Bahasha ilibandikwa kwa uji, na mimi ndiye niliyetembea nayo hadi posta. Uji ulikauka njiani ukaachia. Nilisimama kando ya barabara nikaisoma yote, nikaenda nikaibandika upya kwa gundi ya posta, nikaituma. Na nilifurahi. Nilisema afadhali, mama amesema nililoshindwa kulisema, sasa dada atajua na mimi sitakuwa nimemharibia kazi.

Kwa hiyo jibu lako lilipokuja, nililisoma nikijua kwamba unajua. Ulisema betri iingie ndani, ikae karibu na kitanda. Nilijiambia, dada anajua inakata, anajua imekaa baridini, amepiga hesabu zake zote, na bado anasema iwekwe kwa mama. Lingekuwa neno la mtu asiyejua ningesita, maana ilikuwa imeanza kuvimba ubavuni na mimi siyo mjinga. Niliiweka upande wa kichwa chake. Mama alikuwa akitabasamu peke yake, akidhani sijui kinachomfanya atabasamu.

Harufu niliisikia alfajiri umeme uliporudi. Nilichomoa waya kama ulivyosema. Baada ya hapo nilisimama pale, kwa sababu hukuandika cha kufanya baada ya hapo. Nilidhani yamekwisha. Moto ulipotoka nilivuta sanduku kwanza, nikamrudia mama baadaye. Ningeanza na mama. Nilimtoa hadi uani, lakini mashine ilibaki ndani, na pumzi yake yote ilikuwa kwenye mashine. Aliniuliza kama nimeungua. Nikamwambia hapana.

Umeuliza kama nakulaumu. Labda jibu utakuja kuliona mwenyewe usoni mwangu, mimi silioni. Daktari anasema vidole vya kulia havitashika sindano tena. Cherehani iko kwa seremala. Sanduku lako la pili lilifika wiki iliyopita, na nimemwambia seremala alirudishe kwa lori lilelile.

Njoo, dada. Sina mtu mwingine. Ila usiniletee kitu.

Mdogo wako